Michembe kwa Tui la Karanga

Watu wanapotaka kusimulia mapenzi ya mume na mke aghalabu hutaja maneno yaliyosemwa, barua zilizoandikwa, kanga zilizonunuliwa na karamu zilizoandaliwa, kwa kuwa mambo hayo yana mashahidi na ni mepesi kukumbukwa. Walakini mimi, ambaye ndoa yangu yote imekaa Choma, kaskazini ya Tabora, katika nchi ambayo mvua yake ni ya msimu mmoja, tangu Novemba hadi Aprili, na miezi iliyobaki ni ya jua, upepo na vumbi la mbuga, nimesadiki kwamba mapenzi ya nyumba huanza kupikwa miezi mingi kabla ya kutiwa sahanini, na kwamba atakaye kujua kama mtu anapendwa na mwenziwe asitazame kilichopikwa siku ya sikukuu, atazame kilichowekwa akiba mwezi wa Juni kwa ajili ya Januari.

Choma ninayoisema imo katika wilaya ya Igunga, upande ambao Unyamwezi unapakana na Usukuma, na watu wa pande zote mbili huamkiana asubuhi kwa neno moja, mwangaluka. Mashamba ya juu, yenye mchanga, hulimwa mtama, mahindi, karanga, viazi vitamu na pamba. Mabondeni, penye udongo mweusi, watu wamechimba majaruba ya mpunga, ambayo mvua ikiwa njema hujaa maji na kunawiri kijani kitupu hadi upeo wa macho, na mvua ikikataa hupasuka nyufa za kumeza mguu wa ndama. Mto Manonga hukusanya maji ya nchi hiyo na kuyapeleka mbuga ya Wembere. Mtu aliyezaliwa huko hujifunza mapema kwamba riziki ina miezi yake, na kwamba katikati ya mwezi wa kuvuna na mwezi wa kuvuna tena kuna bonde refu la kuvukwa kwa akili.

Mimi sikuzaliwa huko. Nimezaliwa Bagamoyo, mwisho wa njia ile ya misafara ambayo katika karne ya kumi na tisa ilitoka Ujiji ikapita Tabora na Ugogo hata baharini, na nilipokuwa mtoto wazee wetu walikuwa wangali wakisimulia habari walizozisikia kwa wazee wao za Wanyamwezi waliokuwa wakishuka na pembe mabegani, wakiimba, wakapiga kambi zao pembeni mwa mji hata mizigo iuzwe. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 biashara ya kuchukua mizigo kwa mabega ilikuwa imekwisha kazi yake, na mimi nilipokwenda bara kusomea ualimu Tabora nilisafiri kwa gari moshi lililokata kwa usiku na mchana mmoja safari ambayo kwa miguu ilikuwa ya miezi. Baada ya masomo nilipangiwa kufundisha Choma, na huko ndiko nilikooa.

Habari za misafara zimeandikwa sana, na mimi nimezisoma kwa bidii kwa kuwa zinahusu pande zangu zote mbili, wa kuzaliwa na wa kuoa; lakini nikizisoma huwa naona pengo. Tunaambiwa bei ya pembe, marefu ya nguo za hongo na majina ya watemi waliotozwa na waliotoza, na mara chache mno tunaambiwa nani aliyeinjika chungu jioni. Ilhali ni jambo linalojulikana kwamba wapagazi wengi wa Kinyamwezi walisafiri na wake zao, nao wanawake hao walibeba vyungu, mikeka na posho, wakatembea mwendo uleule wa waume zao, na kambi ilipopigwa, mume akiutua mzigo wake na kujinyoosha, mke alianza kazi yake ya pili ya kutafuta maji na kuni. Waliobaki nyumbani walilima, wakahifadhi, wakangoja.

Katika wanawake wa njia ile yuko mmoja ambaye jina lake halikupotea, naye ni Halima, mpishi wa Dakta Livingstone, mke wa Amoda. Livingstone alikaa Kwihara, karibu na Tabora, tangu Februari hadi Agosti ya mwaka 1872, akingoja watu na vifaa kutoka pwani, na katika shajara yake alimsifu Halima kwa uaminifu na wepesi wa kazi, akakusudia kumnunulia nyumba na bustani Unguja. Livingstone alifariki mwaka 1873 kabla ya kutimiza kusudio hilo, na Halima alikuwamo katika jamaa waliofuatana na maiti yake kurudi pwani. Kila ninapofikiri habari zake huona ajabu hii: chakula alichompikia bwana wake kimeandikwa na kusifiwa, na dunia imekisoma, chakula alichompikia Amoda mumewe hakuna aliyekiandika. Jiko la utumishi lina kumbukumbu, jiko la ndoa halina, na kwa sababu hiyo nimeona ni wajibu wangu kuandika habari za hili moja ninalolijua.

Naongeza nyumba nyingine moja ya zama hizo, kwa kuwa inafanana na yangu kwa asili ya watu wake, ingawa haifanani kwa cheo. Muhammed bin Juma, baba yake Hamed bin Muhammed aliyejulikana kwa jina la Tippu Tip, alimwoa Karunde, binti ya Fundikira, mtemi wa Unyanyembe, na Hamed mwenyewe ametaja ndoa hiyo katika habari za maisha yake. Wanaosoma habari hizo huiona kama mkataba wa siasa na biashara, nao wana hoja. Walakini mkataba hauliwi. Mtu wa pwani na binti wa Kinyamwezi wanapokaa chini ya dari moja, lazima siku moja mmoja wao aulize mwenziwe kwao hula nini, na jawabu la swali hilo haliandikwi na karani.

Katika nyumba yangu swali hilo liliulizwa baada ya mwezi. Tulioana mwaka 1972, kwa ng'ombe wa mahari kama ilivyo ada ya kwao na kwa hutuba ya ndoa kama ilivyo sharia ya dini yetu, na mwanzoni mke wangu hakunipikia chakula chochote cha pwani, wala hakujaribu. Alinipikia vya kwao: ugali wa mtama kwa maziwa ya mgando, mlenda, mgagani, nsansa za majani ya kunde yaliyokaushwa na kuungwa kwa karanga, na wali wa mchele wa majaruba uliochemshwa kwa maji na chumvi. Alipokwisha kuandaa aliketi kando na kazi yake ya ukili, na mimi nilidhani kwamba anasuka, kumbe alikuwa akisoma. Alikuwa akitazama mkono wangu unakwenda bakuli gani kwanza, unarudi lipi, na sahani gani inaondoka mezani na kitu ndani yake. Jioni moja aliweka ukili chini akaniuliza, "Mwalimu, wali kwenu mnautia nini, mbona huu wangu unaula kama dawa?"

Nikamweleza habari za nazi: jinsi inavyokunwa kwa mbuzi, inavyokamuliwa tui la kwanza na la pili, na jinsi wali wa tui unavyonukia hata mpita njia akajua nyumba ipi imepika. Nazi Choma hazikuwapo. Zilifika Tabora kwa gari moshi, chache na kwa bei ya tunu, na kutoka Tabora kwenda Choma, kwa basi la kupitia Nzega na Ziba, nazi ilikuwa kitu cha kuletwa na msafiri mwenye hisani. Yeye alisikiliza, akauliza maswali mawili matatu juu ya tui la kwanza na la pili, kisha akanyamaza, na mimi sikulitaja tena jambo lile.

Siku chache baadaye nilirudi shuleni nikamkuta uani na kinu. Alikuwa amechagua karanga zisizo na ukungu, akazikaanga kwa moto hafifu kiasi cha kuachia ngozi yake nyekundu bila kubadili rangi, akazipepeta kwa ungo hata zikabaki nyeupe tupu, akazitwanga mpaka zikaanza kutoa mafuta ubavuni mwa kinu. Ndipo akazivuruga kwa maji ya uvuguvugu na kuzikamua kwa kitambaa cha marekani alichokifua kwa ajili hiyo. Tui la kwanza, zito, aliliweka kando katika kibuyu. La pili, jepesi, alilipikia mchele, na wali ulipokaribia kukauka akaurudishia lile zito, akafunika, akapalia makaa juu ya kifuniko. Ndio utaratibu wa mama yangu hatua kwa hatua, naye hajapata kumwona mama yangu wala kuona nazi ikikunwa. Kwa kitoweo alipika kambare wa kukaushwa katika tui lilelile, kwa nyanya na ukwaju.

Ladha yake haikuwa ya nazi, na sisi sote wawili hatukudai kuwa ni ya nazi. Ilikuwa ladha mpya, nzito zaidi, yenye harufu ya shamba, na nilipoila nilijua kwa yakini ya moyo kwamba mtu huyu amenifikiria siku nzima nilipokuwa simo machoni pake. Tangu siku ile nimeamini kuwa huo ndio msingi wa jambo lenyewe. Sukari, viungo na samli vinaweza kununuliwa na mtu yeyote kwa ajili ya yeyote; kumfikiria mtu aliye ghaibu, ukamwona ulimi wake, njaa yake, uchovu wake na nchi alikotoka, ukavitafutia dawa katika vitu vilivyopo mkononi mwako, hilo halifanywi ila na mwenye mahaba.

Makungwi wa pwani humfundisha mwari mapishi ili amtulize mume asitoke, na huko huko pwani, mnamo mwaka 1858, Mwana Kupona binti Msham alimtungia binti yake utenzi mashuhuri wa mawaidha juu ya kumtunza mume, ambao mabibi zetu walikuwa nao kwa moyo. Nauheshimu utenzi ule, maana ni sauti ya mama mgonjwa anayemwachia mwanawe amana. Lakini fundisho la mapishi kuwa kamba ya kumfungia mume nalikataa, kwa sababu nimeishi na mwanamke ambaye hakupata kupika kwa hofu ya kuachwa. Angepika kwa hofu, angeniigia ladha za kwetu na kuficha za kwao. Yeye aliziweka zote mbili chunguni.

Sasa nije kwenye michembe, ambayo ndiyo elimu kubwa niliyoipata Choma. Viazi vitamu huchimbwa tangu Mei, mvua zikiisha kukatika, na mke wangu huviacha siku kadhaa juani vinyauke na kuzidi utamu. Kisha huketi kwenye kigoda na kuvimenya, akavikata vipande vyembamba, kiazi mkono wa kushoto na kisu kikija kwenye kidole gumba bila kukigusa, na vipande vikidondoka ungoni huku yeye akizungumza na jirani wala hatazami. Nyuma ya nyumba za walimu pana mwamba mpana wa jiwe la kijivu. Aliufagia, akaumwagia maji, akaufagia tena, na juu yake akatandaza vipande kimoja kimoja visigusane, kwa kuwa kipande kilichopandana na mwenziwe huota ukungu na kuharibu vingine. Jua la kipupwe huvikausha hata vikalia kama vigae. Hiyo ndiyo michembe. Vingine huvichemsha kwanza na maganda yake, akavimenya, akavikata na kuvianika, vikatoka na rangi ya asali, vigumu, vitamu, vya kutafunwa njiani na karanga, na hivyo huitwa matobolwa. Majani ya kunde nayo alikuwa akiyachuma yangali laini, akayachemsha na kuyaanika, yakawa nsansa nyeusi nyepesi ambazo gunia zima mtoto analibeba kichwani.

Vyote hivyo viliingia katika vilindo vya magome ya miti, alivyopewa na mama yake, na vinywa vyake vikazibwa kwa udongo uliochanganywa na majivu. Nyumba yetu ya Juni na Julai ilikuwa na chakula tele: mahindi, mpunga, maboga, maziwa, na mgeni angeweza kujiuliza kwa nini mwanamke mwenye tele namna ile anajichosha mchana kutwa juani na vipande vya viazi. Jawabu lake lilikuja na wakati.

Mvua za mwaka 1973 na 1974 zilikuwa haba katika sehemu nyingi za nchi yetu, na mwaka 1974 ndio uliokuwa mwaka wa watu wengi kuhamishiwa vijijini, nyumba ya mkwe wangu ikiwemo. Vilindo vyake na jiwe lake la kusagia vilikwenda kwa mkokoteni wa ng'ombe, na jiwe lilipata nafasi ya kwanza, kabla ya kitanda. Serikali ilinunua na kupokea nafaka kutoka nje, na unga wa mahindi ya manjano ukafika hata madukani kwetu, watu wakauita yanga, wakaula kwa shukrani lakini bila furaha, kwa kuwa ulikuwa na ladha ya kigeni na ugali wake ulikuwa mzito kumezeka. Mke wangu aliuchanganya na unga wa mtama uliosalia, akausongea kwa maji yaliyolowekwa ukwaju, ukapata uchachu mdogo uliouondolea ugeni. Kisha akafungua vilindo.

Ramadhani ya mwaka ule iliangukia Septemba na Oktoba, katika kilele cha kiangazi, wakati shambani hapana hata jani bichi. Kwetu Bagamoyo futari ya muhogo, magimbi au viazi vitamu kwa tui la nazi ni jambo ambalo mfungaji hulifikiri tangu alasiri, na mimi nilikuwa nimejizuia kulitaja, kwa kuona kwamba mwaka wa dhiki si mwaka wa kutamani. Magharibi ya kwanza, baada ya tende mbili zilizotumwa na ndugu yangu na maji ya mtungi, alinifunulia bakuli: michembe, iliyolowekwa tangu usiku uliotangulia hata ikarudia unene wake, ikachemshwa pole pole, ikatiwa tui la kwanza la karanga, chembe ya chumvi ya Uvinza na asali kiasi cha kijiko. Vile viazi alivikata Juni. Mwezi wa Juni, kati ya kazi zake zote, alikuwa ameihesabu Ramadhani yangu akaiwekea sehemu katika kilindo chake pekee, na kilindo hicho hakukifungua kwa haja nyingine hata watoto wa jirani walipolia, kwa sababu wao alikuwa amewawekea chao.

Nimekula biriani ya harusi Unguja na pilau ya Maulidi kwetu, na sizidharau. Lakini nikiulizwa ni lini katika maisha yangu nimeonja mapenzi kwa ulimi, nitataja bakuli lile.

Miaka ya baada ya vita vya Kagera, tangu 1979 na kuendelea, ilikuwa na dhiki ya namna nyingine. Shambani palikuwa na chakula, dukani hapakuwa na kitu: sukari, sabuni, mafuta ya kula, chumvi ya viwandani na viberiti vilipatikana kwa foleni na kwa kujuana. Jiko letu liliyapita mashaka hayo kwa heshima. Chai ilikuwa ya asali, kwa kuwa misitu ya miombo ya Tabora haikujua uhaba, na mimi mwenyewe nilijifunza kwa shemeji zangu kutundika mizinga. Mafuta yalikuwa samli ya ng'ombe na karanga. Walimu wenzangu waliotoka mikoa mingine walizoea kupita kwetu jioni kwa hoja za shule ambazo zingeweza kungoja kesho, na mke wangu hakupata kuwaonyesha kwamba ameitambua hoja ya kweli.

Kilichotutisha zaidi kilikuwa mdudu. Mwaka 1981 wataalamu walimtambua katika mkoa wa Tabora mdudu mgeni wa nafaka, asili yake Amerika ya Kati, ambaye watu walimwita dumuzi, na wengine wakamwita Scania kwa jina la lori, kwa jinsi alivyofagia maghala. Desturi ya kuyaning'iniza mahindi na maganda yake juu ya moshi wa jiko, iliyotutosha miaka yote, haikumzuia. Gunzi lilibaki na umbo lake, na ukiligusa linakuwa unga mkononi mwako. Mke wangu aliyatazama mahindi yale siku nzima bila kusema. Usiku akaniita mimi na watoto, tukakaa kuizunguka taa ya chemli, tukayapukuchua yote yaliyokuwa mazima, naye akayachanganya na majivu ya kinyesi cha ng'ombe yaliyochekechwa, akayatia katika vyombo vya mdomo mwembamba. Mabwana shamba walipokuja baadaye kufundisha kupukuchua na kutia dawa, walimkuta amekwisha kuanza nusu ya fundisho lao.

Nisieleweke kwamba katika nyumba yetu mmoja alipika na mwingine alipendwa. Bibi Aisha amesimulia kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alipokuwa nyumbani alikuwa katika huduma ya ahli zake, na kauli hiyo nilifundishwa nikiwa chuoni, kabla sijajua kazi yake. Mke wangu alipojifungua mtoto wetu wa kwanza, mama yake hakuweza kukaa kwetu, kwa maana ada ya kule humtaka mama mkwe na mkwewe wa kiume wastahiane, wasikae pamoja wala kula pamoja. Akaja mchana nilipokuwa shuleni, akaondoka kabla sijarudi, na jioni zikabaki kuwa zangu. Nilisaga mtama kwa jiwe, nikaupika uji mwepesi wa ukwaju na karanga, nikamnywesha moto moto kama alivyoagiza mamaye kwa kinywa cha mtoto mdogo aliyetumwa kunikariria: uji uchemke mpaka povu liishe, karanga zitiwe mwishoni, asali isitiwe ukiwa motoni. Majirani walishangaa kumwona mwalimu jikoni, na baadhi ya wazee waliniambia kwa upole kwamba si murua. Niliwasikiliza kwa adabu, na jioni iliyofuata nikainjika sufuria. Kuona mtu uliyemzoea kuwa mwenye kulisha akikulia mkononi mwako, akipata nguvu kijiko kwa kijiko, kunamfundisha mume mambo ambayo hutuba ya ndoa haina wasaa wa kuyasema.

Baadaye nilimchukua mke wangu kwenda kwetu. Mama yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa mwanamke mwenye maneno machache na jiko lenye taratibu nyingi, na mimi nilikuwa na hofu kidogo. Siku ya pili niliwakuta wawili wamekaa mkabala, mmoja juu ya mbuzi ya kukunia nazi, mwingine na kinu. Mke wangu alikuwa amebeba karanga kutoka Choma. Mama alionja tui lile, akanyamaza, akaonja tena, ndipo akauliza, "Mwanangu, hili ulifundishwa na nani?" Naye akajibu, "Nilifundishwa na mwanao, mama, alivyokuwa akiacha wali." Mama akacheka kwa namna ambayo nilikuwa sijamwona akicheka tangu baba afariki, na kabla hatujaondoka alimpa ile mbuzi yenyewe, iliyokuwa ya mama yake, ambayo sasa iko Choma na hukunia nazi kila zinapopatikana.

Binti yetu mkubwa ameolewa na Mhaya, wanakaa Mwanza. Alipoposwa alimwomba mama yake amfundishe kupika ndizi za Bukoba, na mama yake akamwambia hazijui, aende akamwulize mama wa mchumba wake, tena akae huko siku za kutosha aone mwanamke yule anamtengea mwanawe kitu gani akiwa amechoka. Akaenda, akarudi na elimu yake. Nami nilidhani elimu hiyo imekwenda upande mmoja, hata juzi mkwe wangu aliponipigia simu kutoka Mwanza, mke wake yuko kitandani na homa, ameukataa mchele na ndizi, anataka michembe kama ya nyumbani. Gunia lipo, lakini yeye hajui pa kuanzia, na kwa heshima ya mama mkwe hakuweza kumwuliza mwenyewe. Basi nikawa mjumbe, nimekaa barazani na simu sikioni, na kutoka jikoni mke wangu akisema kwa sauti ya kusikika hata Mwanza bila simu: ailoweke usiku kucha, maji ya kwanza ayamwage, moto uwe mdogo, karanga asizikaange zikawa nyekundu, na chumvi aitie mwisho, kidogo, maana mtoto yule tangu utotoni hapendi chumvi.

"Mwambie pia," akaongeza, "akimaliza kupika akae naye, asiende kazini."

Nikamwambia.